Nani Ameshika Ndege

Juma hili rubani mmoja alikunywa chai katika hoteli ya Keumbu ninapofanya kazi tangu nilipoachishwa shule. Alikuwa amemleta mkubwa fulani kwa ndege ndogo. Karani mmoja aliyekaa meza ya pili akawaambia wenzake kwamba ndege za siku hizi hutua zenyewe, rubani amekaa tu.

Niliweka birika nikamuuliza rubani, "Bwana, mashine ikikuachia ndege mkikaribia chini, unajuaje imeachia?"

Karani akacheka. "Wewe msichana, hata la saba hukumaliza. Lete mandazi."

Sikuondoka. Nilimweleza rubani kwamba sisi tukimtua mwenzetu mtungi wa maji, anayepokea husema "nimeshika," na aliyeubeba hauachii kabla ya kusikia hivyo. "Nyinyi na mashine mnaambianaje?"

Rubani aliweka kikombe chini, akanyoosha mikono kama aliyeshika usukani. "Nabonyeza kitufe, taa inazimika, halafu nasikia uzito mikononi. Nisiposikia uzito, siiamini taa."

"Kwa hivyo haitui yenyewe."

"Hii yangu, hapana."

Tajiri wangu aliniita jikoni. Alisema nikisumbua wageni tena nitarudi nyumbani kuchuma majani chai. Nilimjibu kwa heshima kwamba vikombe nitaosha na meza nitapangusa, lakini kuuliza sitaacha. Alinitazama, akanipa sahani ya mandazi nipeleke.

Basi wasomaji, mkipita Keumbu na jambo mnalolijua vizuri, kaeni kwenye meza zangu. Nitawauliza kabla chai haijapoa.