Karani wa Vibali vya Chakula

Karani aliyeandika vibali vya kusafirisha chakula pale Kibara alikuwa mtu mpole. Mimi nilikuwa tarishi wake. Kila siku nilimwona akifuta kalamu kwa kitambaa kabla ya kuandika, halafu anamsomea mtu kibali chake polepole, kwa sauti ya chini kama anasali. Hakuomba kitu kwa mtu yeyote. Wala hakumruhusu mtu apite bila sahihi ya katibu kata.

Mwaka 1983 mama Nyangi alikuja na debe la udaga, ile mihogo mikavu ya kusaga. Binti yake alikuwa amelazwa Musoma, na alikuwa ametuma salamu kwamba ana njaa.

"Katibu yuko kikaoni Bunda," karani akamwambia. "Vumilia, mama."

"Mihogo nimelima mwenyewe, na mtoto ni wangu," Nyangi akasema. "Sasa serikali naiombaga nini?"

Karani aliinamisha kichwa, akamwonyesha benchi. Nyangi alirudi pale siku tatu mfululizo. Alipofika Musoma na kibali chake, binti alikuwa ameshazikwa.

Miaka minne baadaye lilikuja tangazo kwamba chakula kisafirishwe bila kibali. Karani alilinakili kwa mkono, akaniomba nimsindikize nyumbani kwa Nyangi. Alimsomea lote akiwa amesimama.

Nyangi alifikiri kidogo. "Kwa hiyo hata siku ile ningeenda tu?"

Karani alilikunja lile tangazo polepole.

"Ungeenda tu, mama," akasema.