Siku Nilipokaa Kwenye Mikisa

Mume wangu ndiye fundi sauti wa kikundi chetu, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa mwimbaji pekee wa kike. Tunapiga muziki wa kidumbak na kuonesha sarakasi popote tunapoitwa, viwanja vya mpira, barazani, ufukweni. Vyombo tunaviweka chumbani kwetu Malindi. Nshazoea kulala na spika kichwani kama wengine walivyozoea kulala na kabati.

Kisha akaja mwimbaji mwengine, msichana wa Bububu, sauti nyembamba na tamu. Kikundi kizima kilifurahi. Mimi nilimwambia, "Karibu mdogo wangu," nikaingia jikoni kukata vitunguu ambavyo havikuhitajika.

Lakini kilichoniuma hasa ni sponji. Tulikuwa tunajitayarisha kwenda Nungwi kwenye tamasha la wazi, na kule upepo ukiingia kwenye maiki, spikani husikika kama mtu anakung'uta mkeka. Nikamkuta mume wangu amekaa kizingitini na mkasi, anakata sponji ya mto, mto wangu mimi, na kuishona duara kwa uzi mweusi.

"Ya nani hiyo?" nikauliza.

"Ya mwimbaji mpya. Anaimba na pumzi nyingi."

Miaka yote niliyoimba ufukweni, maiki yangu ilivishwa soksi. Soksi yake kuukuu.

"Na mimi je?"

"Wewe unajua kuukwepa upepo." Alisema bila ya kuinua macho, kama ananisifu. Sikuiona sifa yenyewe.

Gari ya kirikuu ilitushusha Nungwi baada ya adhuhuri. Akapanga kama apangavyo siku zote: spika juu ya meza zisiingie mchanga, nyaya chini ya mikeka watu wasijikwae, mikisa, ile mashine ya vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, chini ya turubai kwa ajili ya unyevu wa chumvi, na jenereta mbali, nyuma ya ukuta, mngurumo wake usiingie kwenye maiki. Tukajaribu sauti. Mimi nilisema maneno mawili matatu, akaniambia, "Basi, inatosha." Kisha mume wangu akamwimbisha yule msichana. Akaenda mpaka mwisho wa uwanja, akasikiliza, akarudi, akazungusha kitufe, akamwambia, "Tena, kidogo tu." Akasikiliza ameinamisha kichwa upande. Nilikijua kichwa kile kinavyoinama. Ndivyo alivyokuwa akinisikiliza mimi kabla ya kunioa.

Niliimba mwanzo, nikapigiwa makofi ya heshima. Wakaingia vijana wa sarakasi, kisha ikawa zamu ya yule msichana. Hajamaliza ubeti wa kwanza, jenereta ikaanza kukohoa. Mume wangu akakimbilia nyuma ya ukuta, na baada ya kitambo nikamsikia anapiga kelele:

"Petroli imeingia maji! Nikiiachia inazima! Mke wangu, kaa kwenye mikisa!"

Nikakaa. Nilikuwa nimemwangalia miaka mingi, najua kitufe kipi kinafanya nini. Sauti ya msichana ilikuwa imezama chini ya fidla, na watu wa nyuma walishaanza kugeuka waende zao. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe chake. Ningekaa vile vile bila ya kugusa kitu, lawama yote ingekwenda kwa jenereta. Nilikaa na fikra hiyo, nikaionja.

Akaingia ubeti wa pili. Akalivuta neno moja, akalikunja mwishoni kwa namna ambayo mimi sikuwahi kuiweza, na nikaona siwezi kustahamili kulisikia neno lile likipotea. Nikaishusha fidla, nikampandisha yeye, nikapunguza ule ukali uliokuwa ukitaka kupiga firimbi spikani. Sauti yake ikafunguka uwanja mzima. Kinamama wakapiga vigelegele ambavyo sikuwahi kupigiwa, nami nikaumia zaidi ya pale mwanzo, kwa sababu mkono uliofanya vile ulikuwa wangu.

Alipomaliza alimkimbilia mume wangu, aliyekuwa ananuka petroli mpaka kwenye nywele.

"Kaka, ahsante! Leo nimejisikia hasa!"

"Mimi nilikuwa na jenereta. Mshukuru dada yako."

Akaja kunishika mikono yote miwili. "Kumbe ni wewe, dada? Basi tukienda kupiga kwetu Bububu, mama yangu atakuwepo. Nakuomba ukae wewe."

"Na mimi nikafanye nini?" mume wangu akauliza.

"Utakaa na jenereta," nikamwambia.

Akacheka. Mimi sikucheka. Bububu nilikaa kwenye mikisa, mama yake akalia kwa furaha, na tangu hapo kila msichana yule anapoimba, mikisa ni yangu. Wenzetu kikundini wanasema nina moyo mweupe. Wacha waseme. Ninachotaka ni mume wangu awe nyuma ya ukuta, penye mngurumo, asilisikie neno la msichana yule hata moja.