Leo mama ameyakana maboga yake

Jamani, leo mama yangu ameyakana maboga yake mwenyewe mbele ya jirani!

Kiangazi hiki hapa Endagikot bustani zote zimekauka, isipokuwa yetu. Mama alikuwa akijisifu, "Ni samadi, na mkono wangu."

Kisha bili ya maji ikaja kubwa ajabu. Nikasingiziwa mimi, eti naoga sana!

Nikafunga mabomba yote, mita bado inazunguka. Tukaomba kupunguziwa, maana tukikatiwa maji, mimi ndiye wa kubeba ndoo kabla ya shule.

Leo fundi wa mamlaka ya maji akaja kukagua.

"Shikamoo, mama. Hii bustani mnaimwagilia? Kama mnaimwagilia, bili haipungui."

Pembeni yupo Mama Yohana, jirani yetu, amekuja kuomba mbegu.

"Hatuimwagilii," mama akajibu.

"Basi inastawi kwa nini?"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Labda maji yanavuja chini," akasema taratibu.

Fundi akachimba katikati ya maboga. Bomba limepasuka, maji yanabubujika!

Mama Yohana alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe samadi yako inatoka bombani!"

Fundi amesema tukirekebisha, ataandika kwamba hatukujua, na tutapunguziwa. Ndoo, kwaheri!

Mama amempa Mama Yohana boga kubwa kuliko yote. "Ila kanisani usiseme."

Mngekuwa nyinyi, mngechagua sifa au bili?

Mtandaoni mama hakukataza mtu.