Swichi ya Nyumba Iliyokuja kwa Lori

Juzi hapa Garissa mkaguzi wa stima aligoma kuidhinisha nyumba ya jirani yangu, mwalimu kutoka bara. Ni nyumba iliyoundwa kiwandani, imeletwa nzima juu ya lori, na swichi kuu ilikuwa imefungwa ukutani.

"Sheria inataka swichi iwe nje kwenye nguzo yake, karibu na nyumba na ionekane," alisema mkaguzi.

"Sheria za kusumbua watu," mwalimu alinung'unika.

Mama muuza maziwa ya ngamia, aliyekuwa akimpimia mwalimu lita yake, aliweka jerikeni chini.

"Mwalimu, hii nyumba ilikuja na nini?"

"Lori."

"Sasa siku inaondoka na lori, swichi inaenda nayo. Hii waya ya stima inabakia na moto, nani anazima? Mbuzi?"

Mkaguzi alimtazama huku kalamu ikiwa hewani. Mwalimu alikuja kwangu kuazima sululu ya kuchimbia shimo la nguzo.

Nilimuuliza mama alisomea wapi umeme. Alinishangaa. Kwao nyumba ilibebwa na ngamia, na kila walipohama, mama yake ndiye aliyeondoka wa mwisho, baada ya kuhakikisha moto umezimwa.