Nelius wa Chumba cha Rekodi

Nelius Wawira alikuja hospitali yetu ya Laare Januari 1996, na sanduku moja na mkataba wa miaka miwili wa ukarani wa rekodi. Nilimpokea mimi, kwa sababu ukiingia tu unakutana na meza ya simu, na simu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kwao ni Gachoka, kule Mbeere kwenye joto, na alilalamika kwamba baridi ya Laare imeshamwingia mifupani. Kimbeere chake na Kimeru changu havikuelewana vizuri, basi tukawa tunazungumza Kiswahili. Alikuwa amemwacha binti yake wa miaka miwili, Linda, kwa nyanya yake. Nikamwita Mama Linda, naye akaniita Mama Makandi.

Ilikuwa hospitali ndogo ya misheni, imezungukwa na mashamba ya miraa, yale majani ya kutafunwa. Kompyuta yetu moja ilikaa katika chumba cha rekodi, ikiwa na majina na matibabu ya wagonjwa maelfu. Ilitumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na pale kwetu aliyeijua ni mmoja tu, mhandisi Mbaabu aliyeiweka. Mbaabu alimfundisha Nelius miezi mitano, akapata masomo ng'ambo, akaenda zake. Nelius akabaki peke yake na mashine ile.

Mkataba ulipokwisha aliandika barua. Palikuwa na nafasi ya karani Embu mjini, katika hospitali nyingine ya misheni hiyo hiyo. Akiwa Embu angelala nyumbani kila Ijumaa. Akiwa Laare alikwenda mara moja kwa mwezi, na kila akifika mtoto alijificha nyuma ya nyanya yake. Lakini bila sahihi ya msimamizi wetu, Bwana Marete, Embu wasingemchukua.

Bwana Marete aliisoma barua mbele yake, akaikunja.

"Nelius, ukienda, mashine ikizimika nitamwita nani?"

"Mnaweza kuajiri mtu, Bwana Marete."

"Mtu gani? Mtaje."

Barua ikarudi bila sahihi. Aliandika tena Februari, akaandika tena Machi. Chumba cha rekodi zamani kilikuwa stoo ya dawa, kina kidirisha kimoja chenye nondo na mlango wenye kufuli mbili. Kila siku alisikia pikapu za miraa zikiteremka mbio kwenda Nairobi. Siku moja aliniambia, "Hata majani yanatoka hapa, Mama Makandi. Mimi siwezi."

Aprili mvua ilikuwa bado inapiga, na stima ilikuja na kupotea ikipenda. Jumanne moja asubuhi ilipotea mara tatu katika saa moja. Iliporudi mara ya tatu, kompyuta ilitoa sauti kama mahindi yanayopepetwa kwenye uteo. Nelius aliinama akatega sikio.

"Diski imekufa," akasema.

Kila Ijumaa alikuwa akinakili mfumo mzima kwenye tepu. Hakunakili majina ya wagonjwa peke yake, bali Linux yenyewe, programu, mipangilio na nywila. Hiyo aliiita bakapu, na tepu zake aliziweka mbali, katika kabati la kanisa letu dogo. Ila kitu kimoja hakuwa amekifanya hata mara moja: kujaribu kuzirudisha.

Nilipiga simu Nairobi, na kesho yake diski mpya ikaja na pikapu ya miraa iliyokuwa ikirudi tupu. Foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika nje. Mzee mmoja wa kifua kikuu hakukumbuka yuko wiki ya ngapi ya dawa zake, na muuguzi aliogopa kukisia.

Nilidhani tepu ikiingizwa kazi imekwisha. Kumbe diski mpya haina chochote, na kompyuta yenye diski tupu haijui hata kusoma tepu. Nelius aliiwasha kwanza kwa flopi mbili, diski ndogo za kuchomeka alizoacha Mbaabu, zenye Linux ndogo ya kuanzia. Kisha akaigawanya diski sehemu sehemu, kila moja kwa ukubwa wa ile ya zamani, akifuata tarakimu alizokuwa ameziandika katika daftari. Ndipo akaanza kuimwaga tepu. Ilichukua saa tatu na nusu. Nilimpelekea chai, ikapoa.

Saa tisa alasiri akaiambia programu ya kuamsha Linux ijiandikishe kwenye diski, akaitoa flopi, akaiwasha kompyuta upya. Programu hiyo huandika jina lake herufi moja moja, L, I, L, O, kila hatua na herufi yake. Tuliona L. Tukaona I. Basi, ikasimama hapo. Akaizima, akaiwasha. LI. Akarudia tena. LI.

Bwana Marete akaja kusimama mlangoni.

"Bado muda gani?"

"Sijui."

"Hutatoka humu mpaka iwake."

Alipoondoka, Nelius alilaza kichwa mezani. Nikashika bega lake. Baadaye akainua uso akaanza kujisemea. "Nimeiwasha kwa flopi. Nilipoiambia ijiandikishe, ilidhani nyumbani kwake ni kwenye flopi." Akaiwasha tena kwa flopi zile, akaandika amri upya, safari hii akiieleza programu kwamba nyumbani ni kwenye diski mpya. Akaizima, akaiwasha.

Herufi zikatoka zote nne. Mistari ikafuata, ikajaza kioo. Kitu cha kwanza alichotafuta ni jina la yule mzee. Wiki ya kumi na moja.

Ijumaa, kwenye maombi ya asubuhi, Bwana Marete alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote, akamsifu vizuri, akatuomba tumpigie makofi. "Sasa mmeona wenyewe kwa nini huyu hatuwezi kumwachilia," akasema. Tulipiga makofi. Nami nilipiga. Nelius aliangalia sakafu.

Tulipotoka aliniambia, "Ningeshindwa, wangenifukuza. Saa hii ningekuwa nyumbani na Linda."

Jumatatu alikuja mezani kwangu.

"Mama Makandi, nataka nikufundishe ile kazi."

"Mimi? Nimeishia kidato cha pili."

"Unashika simu nne kwa mara moja na hukosei."

Nilikataa. Nilimwambia na sababu, wala sikuipamba: "Ukinifunza, atakayefungwa humo ni mimi."

Akaniambia, "Ni kweli. Lakini nyumbani kwako tunapaona kutoka hapa. Jioni unakula na watoto wako."

Nilifikiria siku tatu. Nikamwambia nitakubali, ila Gitobu wa stoo afundishwe pamoja nami, ili tuwe wawili. Akakubali.

Akatuandikia daftari jipya kwa Kiswahili, kila mstari jambo moja. Baada ya Aprili hospitali ilikuwa imenunua diski nyingine ya akiba, na hiyo ndiyo tuliyojifunzia, saa ya chakula cha mchana, siku ambazo mashine haikuhitajika. Mara ya kwanza niligawanya sehemu vibaya na tepu ikakosa nafasi. Mara ya pili Gitobu, anayechapa kwa kidole kimoja, alikosea herufi moja tu na tukaanza mwanzo. Mwezi wa tano ukapita, wa sita ukapita, na Nelius akakonda.

Julai alimwita Bwana Marete. Akaizima mashine, akaitoa diski iliyokuwa ikifanya kazi, akamkabidhi mkononi. "Ishike wewe." Akaweka ile ya akiba, ikiwa tupu, halafu akatoka nje akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

Tulifanya peke yetu, mimi na Gitobu. Jasho lilinitoka na baridi ile. Tulipoiwasha ikatoa LI, ikasimama. Nilitaka kukimbia nikamwite. Gitobu akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na nne wa daftari, ule niliouruka. Tukaurudia. LILO.

Bwana Marete aliitazama diski iliyo mkononi mwake, akatazama kioo.

"Kumbe," akasema. Kisha, "Nitatia sahihi. Lakini amalize mwezi wa nane."

Nelius alikwenda Septemba. Mwezi ule wa kwanza Bwana Marete alimpigia simu Embu mara tatu, na kila mara niliyeunganisha ni mimi. Ya tatu niliisikia hadi mwisho.

"Nelius, hii mashine imeandika kitu sikielewi."

"Bwana Marete, muulize Mama Makandi. Yuko hapo mlangoni kwako."

Alitoka ofisini bila kuniangalia usoni, akaniuliza. Ilikuwa karatasi imeisha kwenye printa.

Nelius aliniandikia kwamba Linda alikataa kulala naye hadi Krismasi ilipokaribia, halafu usiku mmoja akajiingiza mwenyewe kitandani mwake na blanketi lake. Mimi nilibaki na funguo za kufuli mbili. Jumapili moja ya Oktoba mashine ilikataa kuwaka, wakanitoa kanisani katikati ya mahubiri, nikashinda katika chumba kile mpaka saa kumi na mbili jioni, huku watoto wangu wakinisubiri nje ya kidirisha. Jumatatu nikamchongeshea Gitobu funguo zake, nikamwambia Jumapili inayofuata ni zamu yake.