Nilitembea na Beseni Tupu

Niiteni tu Mama Neema. Mimi ni wa kufua nguo. Kabla ya korona, kila asubuhi nilikuwa natoka mtaa wetu wa mabanda, Gatwekera, kwa miguu mpaka mtaa wa Gatina, nabisha geti za ploti za wapangaji, nafua, halafu narudi kwa miguu. Nilikuwa na nguvu, na mdomo pia.

Korona ikaingia. Hakuna aliyetaka mtu wa nje aguse nguo zake. Nikakaa kwa nyumba, redio ikitaja wafu kutwa. Siku moja nikisonga ugali, moyo ulianza kudunda vibaya. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, jasho likanilowesha mgongo. Nikajua ndiyo hiyo korona. Sikusema, niliogopa kupelekwa karantini. Nilijifukiza na majani ya mkaratusi mpaka nikaungua shavu. Neema wangu wa miaka mitatu nikamkataza kunishika. Alilia upande ule wa pazia, nami nikalia upande huu.

Mume wangu ndiye alinikokota hadi kliniki. Nilipimwa kila kitu.

"Mama, mapafu yako ni safi," dakta akasema. "Huna korona. Huu ni wasiwasi. Rudi kutembea vile ulikuwa unatembea."

Haki ya Mungu nilishtuka. Wasiwasi ndio umeninyima pumzi hivi? Nilikasirika hata, maana nilitaka dawa.

Sasa Gatwekera utatembea tu bila shughuli? Watasema umerukwa na akili. Nikabeba beseni langu la kufulia, tupu. Aliyeuliza nilimwambia nimeitwa kazi. Mwanzoni nilisimama njiani mara nyingi, moyo ukidunda. Lakini wiki zikapita, usingizi ukarudi, na Neema nilimbeba mpaka akachoka kubebwa.

Asubuhi moja jirani yangu Akinyi akanifuata na beseni lake, akitaka nimwombee kazi huko. Kufika Gatina, geti zote zimefungwa. Ikabidi niseme ukweli, kwamba sina kazi, natembea tu kutuliza moyo, nikangoja matusi. Akinyi aliweka beseni chini, akashika kifua.

"Mama Neema, hata mimi nakosa pumzi hivyo hivyo. Nimeshamwambia dada yangu achukue watoto nikifa."

Niliweka beseni langu kando ya lake.

Namshukuru Mungu, na yule dakta. Wewe ambaye kifua kinakubana, nenda upimwe kwanza. Kisha utoke nje, utembee. Na umwambie jirani. Mimi na Akinyi tulitenganishwa na bati moja tu, na kila mmoja alikuwa anakufa kivyake.