Jezi za Meksiko na Doti ya Kanga Nyekundu

Timu yetu ya mpira ya Malvern, Johannesburg, ilikuwa ya Watanzania watupu, isipokuwa kocha. Kocha alikuwa mume wangu, Msauzi aliyekaa uhamishoni Morogoro miaka mingi, akarudi kwao na Kiswahili kizuri na mke kutoka Tanga. Wachezaji waliniita dada, na yeye wakamwita shemeji hata alipokuwa anawafokea.

Jezi tulizipata kwenye mitumba ya Jules Street: kumi na nne, nyeupe pe, zenye nembo ya jogoo na maandishi tusiyoyajua. Mreno mwenye duka la mikate Rosettenville ndiye aliyetusomea. Alisema ni za klabu ya mji mdogo huko Meksiko. Tangu siku hiyo tukawa Meksiko, na kila Jumapili watu wakaulizana Meksiko wanacheza na nani.

Kuzifua nilizifua mimi, maana sikumwamini mwanamume yeyote na sabuni. Timu ikifungwa, nilijifariji kwamba angalau imefungwa ikiwa safi.

Baada ya miaka mitatu hivi, Mreno yule akapata mteja Mmeksiko, fundi wa mitambo aliyekuja Johannesburg kwa mkataba. Alipomsimulia habari zetu, yule bwana akampigia mume wangu simu siku hiyohiyo. Kumbe alitoka mji uleule. Baba yake alikuwa mmoja wa walioianzisha klabu, wakiwa na mpira mmoja wa kuazima. Ilipanda, ikashuka, kisha vijana wakahama kutafuta kazi, ikafa. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na kabla ya kurudi kwao alitaka jambo moja tu: azione jezi za baba yake zikicheza. Tukamwambia aje Jumapili.

Jumamosi nikaloweka jezi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeletewa doti ya kanga nyekundu kutoka Tanga. Kila mwanamke wa kwetu anajua kanga mpya huchuja, na anajua pia kuwa maji ya chumvi huishika rangi. Nikamwaga chumvi, nikatumbukiza vyote beseni moja, nikaenda kupika. Kilikuwa kiburi, sikitafutii jina jingine. Niliporudi, jezi zote zilikuwa za waridi.

Nilifua tena na tena, wapi. Nikalia kwa hasira. Mume wangu akachungulia, akasema "Eish," akakaa chini akacheka mpaka nikamrushia kipande cha sabuni.

Kesho yake, uwanjani karibu na Troyeville, nilimfuata mgeni kabla timu haijaingia. Nikamweleza mwenyewe kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: kanga, chumvi, beseni. Timu ikaingia na uwaridi wake. Mgeni akamsogelea nahodha, akaigusa ile nembo ya jogoo, kisha akanigeukia.

"Za kwetu zilizobaki ni nyeupe," akaniambia, "na zimo kabatini. Hizi zinacheza."

Tulishinda mabao matatu kwa moja, na yeye alipiga kelele kwa lugha yake mpaka sauti ikamkauka. Nilifurahi kama msichana. Mwishoni aliomba jezi moja ya kumbukumbu. Nikataka kumchagulia ile iliyochujiwa kidogo, akakataa, akachukua iliyokolea kuliko zote.

Baada ya mwaka mmoja na ushee bahasha ikafika duka la mikate. Ndani mlikuwa na picha: vijana kumi na mmoja kwenye uwanja wa vumbi, jezi mpya, jogoo kifuani, wote waridi tupu. Nyuma mgeni wetu aliandika kwamba klabu imefufuka, na kila anayeuliza sababu ya rangi ile huambiwa kuna mama mmoja Johannesburg.

Nilimwambia mume wangu aisome mara mbili. Kisha nikajifunga kanga yangu, ambayo kufikia hapo ilikuwa imepauka vibaya, nikatoka kwenda kuwaonyesha Meksiko wa Malvern wenzao.